Namba ya Leo, Namba ya Kesho

Fomu yetu ina safu mbili:
ya kwanza, mchezaji alivyo leo;
ya pili, atakavyokuwa, Mungu akipenda
na bega likikubali.
Kati yake pana mstari mwembamba wa wino.
Miaka ishirini na sita nimelipwa mshahara
kuuruka mstari ule.

Jumanne nilikuwa Wilber, Nebraska,
nyuma ya wavu wa shule ya sekondari,
kipima kasi mkononi, karanga mfukoni.
Juu ya kichuguu, Emmet Hruska,
miaka kumi na saba, miguu ya ndama wa jana,
suruali ya kaka yake imekunjwa kiunoni.
Akarusha. Tisini na nne.
Glavu ikalia kama mlango uliobamizwa na upepo,
na wakulima kwenye viti vya kukunja
wakaacha kuzungumzia mvua.
Akarusha tena. Mpira ukapaa, ukavuka wavu,
ukatua kwenye kioo cha gari langu.
Nikaandika: leo, thelathini na tano.
Kesho...
kalamu ikasita.

Nyota njema huonekana asubuhi, walisema.
Hawakukaa kwenye baridi ya Aprili kama mimi,
wakagundua kwamba zile zing'aazo kupita zote
nyingine si nyota, ni ndege iendayo Denver.

Ijumaa, Wichita, chuoni: Garrett Odom.
Ishirini na moja, ndevu, mchumba jukwaani.
Kasi tisini na moja, haizidi, haipungui.
Anauweka mpira anapotaka,
kama mtu arudishaye vikombe kabatini gizani.
Huyu nilimwona sekondari. Niliandika maneno matano:
"Mwembamba. Hana kitu. Aende chuo."
Akaenda. Akala, akalala, akapigwa mipira
ikapotelea nyuma ya uzio, akajifunza
kuupinda ule wa mwisho pembeni mwa kibao.
Leo, hamsini. Kesho, hamsini na tano.
Mkate umeshaiva: harufu yake unaijua,
na unajua hautaumuka tena.

Mkurugenzi wetu anataka samaki mbichi,
amkunje mwenyewe.
Sijamuuliza wangapi wamevunjikia mkunjoni.
Namjua mmoja. Dwight Pettibone,
kesho yake niliipa sabini, kwa mkono wangu huu.
Kiwiko kilipasuliwa akiwa na kumi na tisa,
kikapasuliwa tena.
Mwaka jana alinifungia tairi mbili kule Salina,
akakataa bakshishi.
Mkono wake wa kulia haunyooki.
Akaniuliza, bila kinyongo, nani mzuri mwaka huu.

Jumamosi jioni, jikoni kwa Lorene Hruska.
Baba mtu ameshapiga hesabu nyuma ya bahasha:
fedha za kusaini zinalipa deni la mashine ya kuvunia
na kubaki chenji ya paa.
Emmet anakula bakuli la tatu la nafaka, haongei.
Mama akanimiminia kahawa, akaketi.
"Chuo kinamtaka pia," akasema.
"Angekuwa wako?"

Jibu la kampuni ninalo, limechapwa, lina kurasa mbili.
Nilisema kahawa ni nzuri.
Nilisema kila mtoto ana saa yake.
Akaniangalia jinsi ninavyowaangalia mimi wanawe wa watu:
leo, safu ya kwanza;
kesho, hakunipa.

Sasa ni saa sita usiku, hoteli ya kando ya barabara kuu,
friji inanguruma, kompyuta imekataa
nisipojaza kisanduku. Haijui neno "sijui."
Nimeweka sitini. Nikafuta. Hamsini na tano.
Nikarudisha sitini.
Ufa kwenye kioo cha gari umefika katikati.

Chini pana nafasi ya maelezo,
ambayo hakuna anayeisoma.
Nimeandika: "Suruali ni ya kaka yake.
Pindo limeshushwa mara mbili.
Bado anakua."